Sura ya Nne: Karatasi Iliyogeuka Mtu

Mama yangu hakuipenda kadi yangu. Nilikuwa nimeacha ajira, nikachapisha kadi mia moja Kariakoo, na chini ya jina langu zikasomeka: Mwandishi wa Kujitegemea. Mama aliishika moja kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani ilikuwa chumbani, akaisoma hadi mwisho, akanirudishia.

"Kwa hiyo siku hizi unafanya vibarua."

"Si vibarua, mama. Najitegemea."

"Mwisho wa mwezi wanakulipa?"

"Wananilipa kwa makala. Nikiandika tatu, nalipwa za tatu."

"Na ukiumwa?"

Sikuwa na jibu.

"Basi ni kibarua hicho, mwanangu. Usione haya. Marehemu baba yako naye alianzia hukohuko."

Nilicheka, lakini swali lake halikuniacha. Kati yangu na kijana anayebeba ndoo za zege mtaa wa pili, tofauti iko wapi? Sote hatuna mshahara, hatuna likizo, hatuna pensheni. Sote tunalala bila kujua kesho ina nini. Ila yeye huitwa kwa mluzi, mimi kwa barua pepe. Yeye ni kibarua, mimi ni wa kujitegemea.

Sura hii inalifuata neno alilolichagua mama. Lina zaidi ya karne moja na nusu, limepita kwenye midomo ya watumwa, makuli, wakata mkonge na makocha wa mpira, na ndani yake mna karatasi. Ukiuliza karatasi hiyo iliandikwa na nani, na jioni ilikuwa mkononi mwa nani, utakuwa umeuliza karibu kila kitu kuhusu uhuru wa mtu anayefanya kazi bila ajira.

Barua ndogo

Ki- ya kudogosha tunaijua sote: mlima ukawa kilima, mtoto akawa kitoto. Iondoe kwenye kibarua, inabaki barua. Kibarua basi ni barua ndogo: kikaratasi, cheti. Barua yenyewe ilitufikia kutoka Kiarabu, na wafuatiliaji wa mizizi ya maneno huiunganisha na baraa, yaani kuachiliwa, kuwa huru na dai, na pia hati inayothibitisha hivyo. Waislamu wanalifahamu neno hilo kwa njia nyingine, maana Sura ya Tawba huitwa pia Baraa. Tuliweke kando wazo hili la hati inayomaliza deni. Tutalihitaji.

Karatasi ilifikaje kuwa mtu? Edward Steere, mmisionari Mwingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Humo kibarua kimo kwa maana ya cheti. Kisha yanafuata maelezo kwamba Unguja watu wa kazi za kutwa huitwa vibarua, kwa sababu hupewa cheti wanapofanya kazi na kukirudisha wanapolipwa. Karibu miaka 70 baadaye, kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikatoa sababu hiyohiyo.

Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Tuseme msimamizi wa ghala anahitaji watu 40 kupakua jahazi. Hawajui kwa sura, majina hawezi kuyakariri, na jioni wanaweza kujipanga 60 wakidai ujira. Basi kila anayeingia kazini anapewa kikaratasi. Jua likishuka, anakitoa kikaratasi, anapokea chake, wanaachana. Aliyekiangusha baharini ana kazi ya kueleza, hata kama mgongo wake umejaa alama za magunia.

Ni rahisi kusikia namna lugha ilivyoteleza hapo. Tajiri anauliza leo vimetoka vibarua vingapi, anahesabu vyeti. Siku nyingine anauliza vibarua wangapi, anahesabu watu. Sarufi nayo ikaridhia. Tunasema kibarua amechelewa, vibarua wamegoma: umbo la neno ni la kitu, upatanisho wake ni wa mtu, kama kijana, kiongozi na kipofu. Mtu akapewa jina la risiti yake, na hakuna aliyeshangaa.

Mtumwa mwenye cheti

Unguja aliyoikuta Steere ilikuwa mji wenye haraka. Kufikia miaka ya 1840 Sayyid Said bin Sultan alikuwa ameyahamishia makao yake huko kutoka Muscat, mikarafuu imetanda, na bandari inapokea pembe, karafuu na sandarusi. Sandarusi, ulimbo wa kale uliochimbwa ardhini upande wa bara, ilipelekwa Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi, lakini kwanza ilibidi ioshwe na kuchambuliwa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa na nyumba zao mjini hapo. Meli ikikaribia, ghala lilihitaji mikono mingi kwa siku chache. Meli ikiondoka, mikono ile haikuhitajika tena. Mji wa namna hiyo hauwezi kwenda bila watu wa kutwa.

Mikono hiyo ilitoka wapi? Hapa ndipo neno letu linapogeuka chungu, kwa kuwa wengi wa vibarua hao wa mwanzo walikuwa watumwa. Mwenye mtumwa asiye na shamba kubwa, pengine mjane wa mjini mwenye watu wawili tu, alimtuma mmoja akatafute kazi: kubeba mizigo, kujenga, kuchambua sandarusi. Jioni mtumwa alileta sehemu ya ujira, mara nyingi nusu, na iliyobaki akajilisha na kujivika. Baadhi hawakulala kwa bwana. Walikuwa na vibanda vyao Ng'ambo, upande wa pili wa hori.

Tusiipambe hali hii. Mtumwa yule angeweza kuuzwa kesho yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Sayyid Barghash, na hata hapo utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi amri ya mwaka 1897. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907. Nusu ya ujira aliyoichukua bwana ilikuwa nusu ya maisha ya mwenzake.

Hata hivyo, kati ya nyumba ya bwana na ghala la tajiri palikuwa na njia ya kutembea, na mtumwa aliitembea peke yake. Njiani alijua nani analipa vizuri na nani anadhulumu. Alijua bei ya siku, akajua na siku gani bei hupanda. Bwana hakuwepo kazini kuona alichofanya wala alichopewa. Wanahistoria Frederick Cooper na Jonathon Glassman, waliochunguza kwa kina utumwa wa pwani hii, wameonyesha namna vibarua wa mjini na wapagazi wa misafara walivyoupanua mwanya huo mwaka hadi mwaka, wakajipatia uhuru wa vitendo kabla sheria haijawapa uhuru wa maandishi. Kwa saa chache za mchana, deni liliandikwa kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwa mtu ambaye kisheria hakumiliki hata mikono hiyo.

Karatasi ya shingoni

Utawala wa kikoloni uliipenda karatasi pia, lakini kwa sababu nyingine. Kenya ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Kila mwanaume kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na kipande: hati yenye jina lake, alama za vidole, waajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia sahihi ya kumruhusu alihesabiwa mtoro, na polisi walijua pa kutazama. Mwanaharakati Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa.

Tazama tofauti ya karatasi hizi mbili. Kibarua kiliishi siku moja. Kilisema: huyu anadai. Kilipolipwa kikarudi kwa aliyekitoa, na wote wawili wakawa hawadaiani, kama ile baraa ya Kiarabu. Kipande kiliishi miaka. Kilisema: huyu anadaiwa. Mfanyakazi alikibeba yeye, lakini maneno yaliyomo yalikuwa ya mwajiri.

Tanganyika nako kulikuwa na kipande cha aina yake: kadi ya siku 30 za kazi, iliyotiwa alama kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, na mshahara ukatoka kadi ikijaa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kadi hiyo ilikuwa saa na kalenda. Na waliotoka mbali, wakaletwa kwa malori na treni kupitia SILABU, ofisi ya wenye mkonge ya kukusanya wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1944, wakapata jina lao: manamba. Kila mmoja alikuwa na namba, na kwa mara ya pili katika historia ya lugha yetu, alama ya kwenye karatasi ikamfunika mtu mzima. Huko Unguja ilikuwa cheti, huku ikawa namba. Kenya ya leo neno hilo limehamia kwenye matatu, kwa wale vijana wanaoita abiria stendi.

Watu waliokataa kuajiriwa

Ungetegemea kwamba kibarua yeyote, akipewa nafasi ya ajira ya kudumu, angeikimbilia. Makuli wa bandarini waliwashangaza wakubwa wao kwa kutofanya hivyo.

Kazi ya gatini ilifuata meli, na meli hazina ratiba ya msikiti. Leo zimefunga nne, kesho hakuna. Kampuni za bandari ziliona nafuu kuajiri kwa siku. Lakini utaratibu huo ulikata pande mbili. Kuli wa Mombasa mwenye kishamba cha muhogo Likoni au Kisauni alikuja gatini siku alizozihitaji, akakusanya shilingi za kodi na sukari, akarudi shambani. Siku moja ya gatini ililipa kuliko siku moja ya kazi ya mwezi. Alikuwa maskini, lakini siku zake zilikuwa zake.

Ugomaji nao ulimwia rahisi. Kibarua hana haja ya kuandika notisi. Haji tu kazini. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947. Mombasa iligoma mwaka 1939, kisha Januari 1947 mji karibu wote ukasimama: gati, reli, mahoteli, hata maboi wa majumbani, na katika mgomo ule likapata nguvu shirikisho la wafanyakazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia. Unguja ikafuata mwaka 1948, wachukuzi wa bandarini wakiwa mbele.

Maofisa wakaketi, wakatafuta chanzo, wakaona ni kibarua mwenyewe: mtu asiyefungwa na mwajiri yeyote, anayechanganyika mjini na wengine kama yeye, asiye na cha kupoteza zaidi ya siku moja. Dawa ikawa kummaliza kibarua kwa kumgeuza mwajiriwa. Mombasa ilianza kuwaandikisha vibarua wa gatini katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1950 ikakaza kamba: asiyefikisha idadi ya zamu zilizopangwa kwa mwezi anafutwa kwenye daftari. Waliobaki wakapata mishahara bora na kazi ya uhakika, na hilo halikuwa jambo dogo. Wakaupoteza ule muhogo wa Likoni, au tuseme, siku za kuupalilia.

Sisi tuliozaliwa baadaye tumezoea kumwona kibarua kama mtu aliyekosa ajira. Gatini kulikuwa na watu walioitazama ajira wakaona kuna kitu wanaibiwa.

Kibarua kimeota nyasi

Wakati serikali inahangaika na watu, neno lenyewe lilikuwa limeanza safari nyingine. Kutoka karatasi lilikwenda kwa mtu. Kutoka kwa mtu likaenda kwenye kazi anayoifanya. Naenda kibaruani. Nimepata kibarua cha wiki moja. Kijana ana vibarua viwili vitatu, mambo yanakwenda. Hapa upatanisho unarudi kuwa wa kitu, kana kwamba neno limekumbuka kwamba lilikuwa karatasi.

Kisha likapanda cheo. Soma ukurasa wa michezo wa gazeti lolote la Kiswahili: timu ina kibarua kigumu ugenini, kocha anapigania kibarua chake. Kocha huyo analipwa fedha ambazo muungwana hazitaji hadharani, lakini akifungwa mechi tatu mfululizo kichwa cha habari kitasema kibarua chake kimeota nyasi. Msemo huu nimeupenda siku zote. Nyasi huota pasipokanyagwa: kwenye njia iliyoachwa, kwenye uwanja wa nyumba iliyohamwa. Kazi imegeuzwa mahali ambapo miguu yako ilipita kila asubuhi, na sasa haipiti. Mwenye mkataba wa miaka mitatu na mwenye ndoo ya zege, siku ya kuondolewa, nyasi zao zinafanana.

Maneno mengine ya kazi isiyo na mwajiri yamezaliwa pembeni mwake. Jua kali, la Kenya, linawataja mafundi kwa hali ya hewa: wale wa kugonga mabati mahali kama Kamukunji, Nairobi, pasipo paa. Serikali iliyowadharau kwa miaka ikaja kuliweka jina hilo kwenye nyaraka zake katika miaka ya 1980 na 1990. Machinga linawataja kwa walikotoka, kusini ya Lindi na Mtwara, hata kama mwenyewe amezaliwa Mwanza. Deiwaka, la daladala za Dar es Salaam, linamtaja mtu kwa siku yenyewe: ni Kiingereza cha mfanyakazi wa kutwa kilichopitia dirishani, na maana yake ni dereva au konda anayeshika gari kwa tripu chache mwenye nalo apumzike. Deiwaka ni kibarua wa kibarua.

Nani anaandika ankara

Sasa turudi kwenye kadi yangu na lile neno nililolikimbilia. Kutegemea ni kuegemea kitu kwa tumaini. Kujitegemea ni kujifanya mwenyewe ukuta. Februari 1967 Azimio la Arusha lililipandisha neno hili likawa nguzo ya taifa, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Aliyetakiwa kujitegemea alikuwa nchi, kijiji, shule yenye shamba lake. Mtu mmoja mmoja wa mjini mwenye beseni la karanga hakuwamo katika picha. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na katika kampeni yake wale walioshindwa kuonyesha kwamba wana kazi inayotambulika walikamatwa mitaani Dar es Salaam wakapelekwa vijijini. Nchi ya kujitegemea ilimpakia kwenye lori mtu aliyekuwa anajitegemea, kwa kosa la kukosa karatasi. Desemba 2018 karatasi ikaja kwa upole zaidi: kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kwa shilingi 20,000, ili machinga asibughudhiwe.

Wakati huohuo neno la Azimio lilikuwa limepata makazi mapya ofisini. Mwanasheria asiyeajiriwa na serikali wala kampuni ni wakili wa kujitegemea, na hakuna anayemwona mhitaji. Mhasibu, mkalimani, mpiga picha, mwandishi, wote wakajifunika shuka hilo. Waingereza nao wana neno lao, freelance, yaani mkuki huru, ambalo Walter Scott alilitumia katika riwaya ya Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819: askari wa kukodiwa ambaye mkuki wake haujaapa kwa mfalme yeyote. Wao walipima uhuru wa mtu kwa silaha aliyoishika. Kiswahili, bila kukusudia, kiliupima kwa karatasi, na nadhani kilikaribia ukweli zaidi.

Wakili wa kujitegemea huandika ankara yake mwenyewe. Yeye ndiye anayesema kazi ilikuwa nini, ilichukua muda gani, inalipwa ngapi. Mteja anaweza kubishana, lakini anabishana na karatasi ya wakili. Kibarua wa zege huandikwa na nyapara. Kazi yake, siku yake, hata jina lake, vimo kwenye daftari la mtu mwingine. Hapo ndipo ilipo tofauti niliyoshindwa kumweleza mama. Elimu, tai na kompyuta ni mapambo yake tu.

Na mama alikuwa na haki zaidi ya alivyojua. Miezi michache baada ya kuchapisha zile kadi, nilikwenda kwa mhasibu wa gazeti moja kufuata malipo ya makala tano. Akateremsha kidole kwenye orodha yake, akaniambia ziko tatu.

"Nimeandika tano," nikasema.

"Kaka, hapa naona tatu. Ningekulipa kwa kitu gani?"

Sikuwa nimeweka nakala ya chochote. Nilitoka na za tatu, kadi zangu mfukoni, kibarua halisi: mtu aliyeangusha cheti chake baharini.

Sheria huijua hatari hii. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaja kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo. Lakini akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na haki zake zinafuata. Kifungu kizuri. Ila kinaanza na hesabu ya siku, na hesabu ya siku iko kwenye daftari. Mwajiri mjanja humpumzisha kibarua kidogo kabla mwezi haujatimia. Asiye mjanja humsahau tu kumwandika.

Ukurasa wa Alhamisi

Nilipokuwa naandika sura hii nilikwenda asubuhi tatu kukaa kwenye kijiwe kimoja cha vibarua jijini Dar es Salaam. Saa kumi na mbili na nusu wameshajaa. Mafundi wana miko yao na pimamaji, wameketi kidogo pembeni. Saidia fundi wana chepe, au mikono mitupu. Pikapu inaposimama wote wanainuka kabla dereva hajateremsha kioo. "Sita, kumwaga zege!" Bei inatajwa, inapandishwa na sauti moja, inashushwa na nyingine inayohitaji zaidi, na pikapu inaondoka na saba, wa saba akiwa amening'inia nyuma kwa matumaini.

Siku ya tatu, Jumamosi, niliwafuata hadi kwenye ujenzi. Ilikuwa siku ya malipo ya wiki. Nyapara, kijana wa miaka 30 hivi, alikaa juu ya tofali, daftari la kurasa 96 mapajani, simu ya kutuma pesa mkononi. Alisoma jina, akahesabu vijistari, akatuma. Simu ya mtu ikalia, mtu akatazama, akaondoka. Foleni ikaenda vizuri hadi akafika kijana mwenye fulana ya bluu.

"Siku nne," akasema nyapara.

"Tano, bosi. Na Alhamisi nilikuwepo."

"Alhamisi hauna alama."

"Nilikuwa ngazini, napokea ndoo. Hukupanda juu kuandika."

Foleni ikanyamaza. Nyapara akatazama ukurasa, akautazama tena, kama mhasibu wangu. Nikajua mwisho wa hadithi hii, maana niliwahi kuwamo.

Nyuma ya kijana, watu wawili baada yake, alisimama mzee mwenye kofia ya sufu. Hakusema neno. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa daftari la shule lililokatwa nusu, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni ule wa kufungia karanga, na kipande cha penseli kimechomekwa katikati. Kwa vidole vyenye saruji akaanza kufungua fundo. Wale wa nyuma wakasogea kumpa nafasi. Baadaye aliniambia amekuwa akiandika hivyo tangu ujana: tarehe, mahali, kazi, na walioshika kazi pamoja naye, kwa sababu kumbukumbu ya bosi ni ya bosi.

"Mzee," nyapara akasema, sauti imeshuka, "hebu niangalizie Alhamisi."

Mzee alilowesha kidole kwa ulimi, akaanza kufunua kurasa, moja moja, bila haraka. Nyapara akasubiri, kalamu mkononi.